Safu ya Mume

Ijumaa hiyo mshonaji alichelewa kumfuata mtoto shuleni kwa sababu ya vifungo. Mashati arobaini ya wahudumu wa hoteli, kila shati vifungo saba, na mteja kaketi mlangoni anatazama saa, utadhani kutazama saa kunatia uzi kwenye sindano. Alipofika getini jua lilishazama nyuma ya madarasa. Uwanja ulikuwa mtupu, na mlinzi mpya alikuwa anakunja kiti chake.

"Nimemfuata Chiriku," alisema huku anahema. Ndivyo wote walivyomwita binti yake wa miaka sita, kwa jinsi asivyojua kunyamaza.

"Ameshaondoka, dada. Baba yake kamchukua."

Mshonaji alicheka. Ndiyo, alicheka. Kuna maneno yakikufika ghafla, mwili hukosea cha kufanya.

"Baba yake yupi?"

"Mrefu, kavaa ovaroli ya bluu. Hana maneno mengi. Kasaini hapa, tazama mwenyewe."

Akatazama. Sahihi ile aliijua, na herufi ya mwisho iliyovutwa mpaka nje ya mstari. Wino wa kijani.

Baba yake Chiriku alikuwa na miezi minne kaburini.

Hapa turudi nyuma kidogo, usije ukamwona mama huyu hana akili. Akili alikuwa nazo tele. Mumewe alikuwa fundi friji, mtu wa mpangilio kupita kiasi. Kila Jumapili baada ya chai walikaa mezani na daftari moja kubwa, wakapiga mstari katikati ya ukurasa: safu ya mke kushoto, ya mume kulia. Kila mmoja aliandika kazi zake za wiki. Iliyofanyika iliwekwa alama ya vema. Isiyofanyika iliwekwa mshale, ikahamia wiki ijayo. Iliyopitwa na wakati ilikatwa, lakini hapo fundi alikuwa na sheria yake: hakuna kukata peke yako. Mmoja anauliza, "Tunakata?" na mwenzake anajibu, "Kata."

Walitaniana sana kwa sheria hiyo. Lengo la fundi la kujifunza gitaa lilihamishwa wiki sitini na mbili, na kila mkewe alipouliza, "Tunakata?" mumewe alishika kifua na kuanguka kitini kama aliyechomwa kisu. Mpaka Jumanne moja mchana, akiwa juu ya ngazi kazini, moyo wake ukasimama kweli.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, mjane alifungua daftari. Angefanyaje? Kukata hakuweza, wa kumjibu hayupo. Akahamisha. Akanakili safu nzima ya marehemu neno kwa neno: kuziba bomba la jikoni, kukaza miguu ya kiti, kumfuata Chiriku shule siku ya Ijumaa. Wiki baada ya wiki, bila hata kusoma anachoandika.

Wiki ya tisa, bomba likaacha kuvuja.

Mbele ya kazi ile palikuwa na vema ya wino wa kijani, rangi aliyoandikia fundi peke yake, na nyumba ile haikuwa tena na kalamu ya kijani. Mwingine angekimbia. Yeye alikaa sakafuni chini ya sinki, akaegemeza shavu kwenye bomba kavu, akasema, "Ahsante, mume wangu." Hakumwambia mtu. Wiki iliyofuata kiti kikasimama imara. Basi akaanza kutoa kazi kwenye safu yake na kuziandika kulia, ili mumewe apate kuja tena. Nani amlaumu? Alimpenda yule mtu, na kumkosa kulikuwa kunammaliza.

Kazi moja tu hakumwachia: kila Ijumaa aliwahi getini kabla ya wazazi wote. Ijumaa hii tu ndiyo hakuwahi.

Alikimbia mpaka nyumbani, kiatu kimoja mkononi. Mlango ulikuwa wazi.

"Chiriku!"

Aliingia.

Ndani palikuwa na baridi, ile inayokupiga usoni ukifungua friji. Palinuka sabuni ya unga, ile aliyotumia fundi kunawa grisi mikononi. Daftari lilikuwa wazi mezani. Mbele ya "Kumfuata Chiriku" vema ilikuwa imeanzwa, kijimstari kifupi tu, haijamaliziwa. Chini yake, wino bado mbichi, kulikuwa na kazi mpya ambayo yeye hakuiandika.

Kukaa naye.

Alishika kalamu, akaweka ncha juu ya maneno yale. Mkono ukagoma. Hakuna kukata peke yako.

"Tunakata?" alinong'ona.

Nje, nyuma ya ukuta, zikasikika nyayo. Za mtu mzima, nzito, zinakwenda polepole. Za mtoto hazikusikika.

"Mume wangu... najua unamtaka. Na mimi nakutaka wewe, Mungu ananiona. Lakini ana miaka sita tu. Nakuomba. Tunakata?"

Nyayo zikasimama.

Harufu ya sabuni ikazidi. Kando ya sikio lake mtu akavuta pumzi, pumzi iliyokatika katikati, ya mtu anayezuia kilio.

"Kata."

Akakata. Akakata mstari ule, na wa juu yake, na wa juu yake tena, safu nzima, mpaka karatasi ikachanika. Ruhusa aliyopewa ilikuwa ya moja. Yeye alikata zote.

Chiriku alikuwa amesimama kizingitini na mkoba wake mgongoni. Mikono yake ilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

"Baba alinibeba," alisema. "Halafu akaniweka chini."

"Akakwambia nini?"

"Hakusema kitu. Alinifunga kamba za viatu, akawa analia. Mama, mbona Baba alikuwa analia?"

Mama mkwe alikaa mtaa wa pili, akaja mbio alipopigiwa simu. Alisikiliza yote, akamkumbatia mkaza mwanawe kwa nguvu.

"Huyo hakuwa mwanangu," alisema. "Ni shetani kavaa sura yake. Mwanangu asingethubutu kumchukua mtoto. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Aliitikia kwa heshima, na alitamani kuamini kuliko alivyotamani kitu chochote. Shetani unamlaani, unafunga mlango, unalala. Lakini shetani gani anaombwa mara mbili akakubali? Shetani gani analia?

Walipobaki wawili alimvua Chiriku sare, akamvalisha gauni la kulalia, akapiga magoti kumvua viatu. Kamba zilikuwa zimefungwa fundo juu ya fundo, kitanzi kimoja kikubwa na kingine kidogo, ufungaji wa ajabu ambao duniani alikuwa nao mtu mmoja tu. Alishika ncha. Kuvuta kidogo tu, fundo lingefunguka.

Akaiachia. Mtoto akalala na viatu vyake, juu ya shuka safi.