Ekseli ya Mukhisa

Dada yangu Jelagat ni muuguzi mstaafu, anaishi Kachibora. Ana gari kubwa la mwaka wa 1996, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kwa miaka sita amelitumia kuwateremsha wajawazito kutoka milima ya Cherangany hadi hospitali Kitale. Mvua ikinyesha, huko juu hakupiti gari lingine.

Oktoba mwaka jana ekseli ya nyuma ilipinda kwenye mtaro. Jirani yake Cheptoo alikuwa amebakiza wiki mbili ajifungue, na mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa kwa kupasuliwa. Bila gari lile asingefika. Jelagat alilikokotesha hadi gereji ya Sifuna mjini Kitale, akataka ekseli nzima ibadilishwe, pamoja na difu, zile gia za katikati zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Sifuna, mtu wa Bungoma, alikuwa nayo moja. Ilitoka kwenye gari kama hilo lililoanguka kwenye kona ya Kapsokwony. Kazi ilichukua siku mbili. Alifungua shafti inayoleta nguvu ya injini nyuma, akakata bomba la breki lililoshikwa na kutu, akaishusha ile mbovu kwa jeki. Ya pili ikapanda mahali pake. Bolti ziliingia kwa vidole.

"Imekubali haraka," alisema. Hakutabasamu.

Jumatano saa nne asubuhi gari lilikuwa bado juu ya stendi. Injini ilikuwa imezimwa, gia imewekwa. Nilikuwa nimekalia tairi kuukuu nikinywa chai. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka.

Yalizunguka polepole, yote mawili, kwenda mbele. Kwa asiyejua magari: gari likiwa kwenye gia namna ile, ukisukuma gurudumu moja la nyuma liende mbele, la pili hurudi nyuma. Ili yote mawili yaende mbele, lazima shafti izunguke. Nililala chini nikaangalia. Shafti ilikuwa imetulia.

Sifuna alikamata gurudumu moja kwa mikono miwili. Lilimburuta. Kisha yakasimama yenyewe.

"Daktari," alimnong'onezea Jelagat, "hii chuma bado iko na mtu."

"Mtu gani?"

"Mukhisa, wa Kabuchai. Gari ilimlalia pale kona. Sisi kwetu nyumbani, mtu akifia barabarani, watu wake wanaenda pale kumwita jina, warudi na yeye. Walienda siku ya tatu. Mimi nilikuwa nishatoa ekseli siku ya pili. Si waliita mahali hakuna mtu, bana."

"Hungengoja siku moja?"

"Niliogopa makanika mwingine ataiwahi."

"Basi itolewe," nilisema.

Jelagat alinigeukia. "Ati itolewe? Cheptoo utambeba mgongoni wewe?" Akamwambia Sifuna ateremshe gari. "Kama anataka kwenda kwake, nitampeleka. Lakini ekseli narudi nayo."

Tuliondoka saa saba mchana, sisi wawili. Tulipita Kiminini na Kamukuywa. Mahali fulani tulikuwa tukipanda. Jelagat alitoa mguu kwenye mafuta. Gari halikupunguza mwendo.

Hakuna aliyekuwa ametuelekeza. Katikati ya mashamba ya miwa, sehemu ya nyuma ya gari ilijisukuma kando, tukajikuta tumeingia njia ya udongo. Kisha geti. Kisha ua. Kaburi jipya. Injini ikazima.

Niligeuka. Mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umefungwa. Kiti kilikuwa kitupu.

Mwanamke alitoka jikoni akijipangusa mikono. Alikuwa Nakhungu, mjane wa Mukhisa. Hakututazama sisi. Alitazama kiti cha nyuma.

"Amekonda," alisema.

Jelagat alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akafungua mkanda.

"Mukhisa, umefika. Shuka. Bibi yako huyu hapa. Hii chuma ni yangu. Niko na mama wa kupeleka hospitali, na sikuombi ruhusa."

Kuku walikuwa wamenyamaza.

Springi za nyuma zikapanda kidogo, kama mtu mzima ameshuka.

"Asante," Jelagat alisema, akaubamiza mlango.

Jumanne iliyofuata Cheptoo alishikwa na uchungu saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha Cherangany usiku kucha. Nilikaa mbele, Cheptoo na mamake nyuma. Jelagat aliteremsha gari lile kwenye tope bila kuteleza hata mara moja. Saa nne tulikuwa hospitalini. Saa tano Cheptoo alipata msichana.

Saa sita Nakhungu alinipigia simu. Alisema saa mbili asubuhi alianika mahindi uani. Kufika saa tatu, kulikuwa na alama za tairi kutoka getini hadi kaburini. Hakusikia gari.

Saa tatu sisi tulikuwa mlimani.

Jelagat alikuwa akiosha magurudumu nilipomweleza. Aliinama akachungulia chini ya gari. Ekseli ilikuwepo, imejaa tope la Cherangany.

"Mwache atembee," alisema. "Kazi yake ameimaliza, yangu bado. Kesho niko na mama mwingine."

Siku ya pili nilikwenda Kabuchai na futi kamba. Nakhungu hakuwa amethubutu kugusa kitu. Upana kati ya alama ulilingana na wa magurudumu ya nyuma ya gari la dada yangu. Penye kona gari huacha mistari minne, ya mbele na ya nyuma. Pale getini palikuwa na kona. Mistari ilikuwa miwili. Iliishia kaburini. Hakukuwa na ya kurudi.

Ilikuwa imepita juu ya turubai la mahindi. Tope la tairi lilionekana wazi kila upande wa turubai. Nilipiga magoti nikayachambua mahindi yale kiganja kwa kiganja, mstari mzima.

Hakuna punje iliyovunjika.