Nilimwachia Mama Karatasi, Nikapanda Treni

Nina umri wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto wanne, na ni karani wa kupima majani chai karibu na Ekerenyo. Watu huniona mtu wa maana. Wasomaji wenzangu, laiti wangejua nilichomfanyia mama yangu mzazi!

Miaka mitatu iliyopita tulipata barua kutoka Mombasa. Kaka yangu mkubwa, Nyakundi, aliyekuwa kuli bandarini, alikuwa amelazwa hospitali. Rafiki yake aliandika kwamba hali ni mbaya na kila siku anamwulizia Mama. Barua ilifika Ijumaa. Mama akaomba tuondoke Jumapili asubuhi.

Nilikataa. Nilimwambia sijapata ruhusa kazini. Uongo mtupu! Ruhusa nilikuwa nayo. Ukweli ni kwamba suti yangu mpya ilikuwa kwa fundi mjini Kisii, na ingekuwa tayari Jumanne. Sikutaka kuingia Mombasa kama mshamba... Naona aibu hata kuliandika neno hili.

Basi nikashika kalamu, nikapanga safari. Jumatano alfajiri, basi la kutoka Ekerenyo hadi Sondu. Sondu, basi lingine hadi Kisumu. Treni ya jioni hadi Nairobi, tufike Alhamisi asubuhi. Jioni hiyo hiyo treni nyingine, na Ijumaa asubuhi tuko Mombasa. Nyuma ya karatasi nikaandika safari ya kurudi. Niliwaonyesha majirani nikijisifu. Je, niliifikiria mvua? Hata kidogo!

Basi letu lilizama kwenye tope baada ya kupita Magwagwa. Tulishuka, tukasukuma, tukakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Saa nne nzima! Tulipofika Sondu, basi la Kisumu lilikuwa limekwenda. Tulipofika Kisumu, treni nayo imekwenda... Tukangoja stesheni hadi Alhamisi jioni. Nilimfokea kila mtu, hata Mama, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta mvua.

Nairobi tulifika Ijumaa asubuhi. Saa kumi alasiri nikamwambia Mama tujongee kwenye foleni ya treni ya Mombasa. Hakusimama. Aliniuliza tutafika lini. Nikajibu, kesho asubuhi.

"Kesho ni Sabato," akasema. "Sijawahi kusafiri Sabato, mwanangu. Tungoje jua la kesho litue, twende pamoja."

Mama ni Msabato tangu ujana wake. Mimi ndiye niliyepanga safari bila kuacha hata siku moja ya akiba. Lakini hasira zilinipanda. Nikamwambia mwanawe anakufa, na yeye anahesabu siku! Nikampeleka kwa mwanamke wa kwetu aliyeishi jirani na stesheni. Nikamwachia tiketi yake na ile karatasi, nikasema apande treni ya Jumamosi jioni. Mama hajui kusoma. Kiswahili chake ni cha salamu tu. Nilijua yote hayo... nikapanda treni, nikaenda.

Nyakundi alikuwa hai. Aliniangalia, kisha akaangalia mlango nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

Nikamwambia, kesho. Jumapili asubuhi nilisimama stesheni ya Mombasa hadi abiria wa mwisho akapita. Mama hayumo! Nikarudi hospitali, nikamwambia tena, kesho. Jumatatu nikasimama pale pale... Mchana wa siku hiyo kaka yangu alikata roho, uso ameuelekeza mlangoni. Tulimzika huko huko, kwa kuwa uwezo wa kumleta nyumbani hatukuwa nao.

Mama alikuwa wapi? Nilijua nilipofika nyumbani. Yule mwanamke alimfikisha stesheni, akamkabidhi kwa mpagazi, akakimbilia zamu yake ya kazi. Mama akampa mpagazi ile karatasi. Ilikuwa imekunjwa, upande wa kurudi uko juu: Nairobi hadi Kisumu, treni ya jioni. Mpagazi, kwa wema wake, akampandisha treni ya Kisumu! Mkaguzi wa tiketi alipogundua, walikuwa wamekwisha kupita Nakuru, na ndani ya behewa hakuna aliyeelewa Mama anasema nini. Asubuhi mwuza ndizi mmoja wa kwetu alimkuta Kisumu akilia, akampandisha basi la kurudi nyumbani.

Nilimkuta uani, nikampa habari ya msiba. Hakupiga ukemi. Aliniuliza kama Nyakundi alikuwa anakula. Nikajibu, alikula kidogo.

"Ungeningoja siku moja tu," akasema.

Hajayarudia maneno hayo. Hunipikia, huniombea. Lakini akitaka kwenda mahali popote, hata Kisii, humwomba mke wangu amsindikize. Mimi haniombi.

Wasomaji wenzangu, msifuate njia yangu. Barua ya mgonjwa ikifika, ondoka siku ile mzazi anayosema. Usiiamini safari iliyopangwa mezani, maana mvua ya kwetu haimsikilizi karani. Na mama yako usimwachie karatasi, mshike mkono. Kama ni kuchelewa, mchelewe pamoja.