Anayefunga Msafara

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi baiskeli, na si mtu wa kutia chumvi. Yeye hufunga msafara wa watalii wa baiskeli, akiendesha nyuma ya wote, kwenye njia tambarare ya kando ya mto, isiyopitiwa na magari. Kwenye handaki la chini ya reli, wa mwisho akishatoka hupiga kengele mara mbili, ndipo kiongozi, dada yake, aendelee.

Siku hiyo alipata pancha kabla ya handaki. Akiwa ameinama, akasikia kengele ikilia mara mbili mle gizani, kisha minyororo ya baiskeli ikienda zake. Akapiga simu.

“Dada, mbona mmeniacha?”

“Acha utani. Si uko hapa nyuma yangu?”

Kwenye simu kengele ikalia tena, ile ile yake mwenyewe, yenye mlio wa ufa. Akaweka kiganja juu ya kengele ya baiskeli yake. Ilikuwa kimya, ila ilikuwa ikitetemeka.