Rangi ya Vijiti

Maiti ya fundi saa ilikuwa bado wodini, imefunikwa shuka gubigubi, Inspekta alipoambiwa kwamba maabarani kumeibwa kioo kimoja chembamba, urefu wa kidole, pamoja na fomu ya majibu yake.

Kila mtu alikuwa na lake. Daktari kijana aliyemtibu marehemu, na ambaye sasa alikuwa mahabusu, alishikilia neno moja tu: "Maabara walinipigia simu, wakasema bakteria wekundu. Nikampa dawa ya wekundu."

Mkuu wa maabara, mama mtu mzima ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Hadubini, alikana katakata.

"Nilimwambia zambarau, afande."

Dawa ya wekundu haikuwagusa hawa wa zambarau. Kama mama alisema kweli, basi daktari aliua kwa uzembe kisha akaiba ushahidi, na jela ilikuwa inamwita.

"Uliwaona kwa macho yako?"

"Na wewe utawaona."

Alitoa sahani kwenye kabati la joto. Maji ya uti wa mgongo wa marehemu yalikuwa yamepandwa humo, na sasa vilikuwa vimeota vidoa vidogo vya kijivu. Alipaka kimoja kwenye kioo, akakipitisha motoni, akamwaga rangi ya zambarau, kisha iodini.

"Sasa spiriti. Inawavua rangi wanyonge. Wenye ngozi nene wanabaki na zambarau yao. Nahesabu kumi, kisha maji."

Alihesabu kwa mdomo, saa ya ukutani wala hakuiangalia. Akamalizia na rangi nyekundu, ya kuwavika waliovuliwa.

Inspekta aliinamia hadubini. Mwanzo aliona kope zake mwenyewe. Mama akazungusha kitasa kidogo, na mara vikajitokeza vijiti vya zambarau, maelfu kwa maelfu, vimetulia kwenye mwanga. Wauaji aliowazoea walikuwa na majina na jasho. Hawa walikuwa wazuri, na uzuri wao ulimtia hofu.

"Hawa ndio waliomuua?"

"Hao hao."

"Naomba nijaribu mwenyewe."

Mama alitabasamu, akamsogezea chupa. Inspekta alipaka, akamwaga hiki na kile, akafika kwenye spiriti. Mama alikuwa akihesabu, yuko kwenye nne.

"Hivi, wanajua wanachofanya?"

Uso wa mama ukachangamka. "Hawajui kitu, afande. Wanataka kula na kuzaana tu, kama sisi. Leo mmoja, kesho ukoo mzima. Miaka thelathini nawaangalia, na bado kila asubuhi nashangaa..." Akashtuka, akainyakua chupa ya maji. "Imepitiliza. Tupa hicho."

Inspekta hakukitupa. Alimwaga ile nyekundu, akasuuza, akaangalia. Vijiti vilikuwa vyekundu, isipokuwa vichache pembeni, pale alipopaka kwa wingi.

"Mama, si sahani ile ile?"

"Ndiyo."

"Mbona wekundu?"

"Spiriti ikikaa mno, hata wa zambarau wanavuka nguo."

"Siku ile nani alikuongelesha?"

Mama alivua glovu, kidole kimoja kimoja.

"Mke wa marehemu. Alisimama hapo dirishani akaniuliza mzee wake atapona lini. Ningemnyamazia vipi? Nilikuwa kwenye saba."

"Kwa hiyo daktari aliambiwa wekundu."

"Aliambiwa wekundu. Mzee alipofariki nilikiangalia kioo upya, nikawaona wachache wa zambarau pembeni." Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kioo kilichoviringishwa kwenye pamba, na fomu. "Wote humu nimewafundisha mimi. Niliona aibu, afande. Nikamwachia kijana wa watu mzigo wangu."

"Na sahani? Ungeitupa, nisingejua kitu."

"Sijawahi kumtupa kiumbe kabla sijamjua."

Inspekta alipiga simu kituoni, daktari aachiwe. Kisha akaketi, akafungua daftari la maelezo.

"Nina ombi moja," mama alisema. "Andika nilisahau kuhesabu. Mkewe usimtaje."

"Mama, kazi yangu ni kuandika yote."

"Najua. Lakini akijua kwamba ni swali lake, ataishi vipi?"

Inspekta alichukua kalamu. Tangu aajiriwe hakuwahi kuacha neno la mtuhumiwa nje ya maelezo. Akaandika: *Alisahau kuhesabu.* Kisha akamgeuzia daftari, atie sahihi.