Promota Alitaka Muziki Usizime

Nilizima muziki… ndipo uwanja mzima ukasikia mtu analia nyuma ya jukwaa.

Hakuwa akilia kama mlevi. Alilia kama mtu anayevunjwa.

Naitwa Violeth, wa Nyasubi, Kahama. Wengi mnanijua kama DJ Vio. Kazi zangu zote alinitafutia Luka, mwenye ofisi ya kuwaunganisha ma-DJ na mapromota. Kwangu alikuwa kaka.

Jumamosi hiyo alinipeleka Mwakitolyo, kwenye tamasha la mchana la wachimbaji. Promota aliitwa Mwita, tajiri wa maduara, yale mashimo ya dhahabu.

Kabla sijapanda jukwaani, Luka akaniambia:

"Mwita ana sharti moja. Akikupa ishara, pandisha sauti mpaka mwisho. Usizime hadi aseme."

"Kwa nini?"

"Vio, piga kazi. Maswali ya nini?"

Jua likiwa bado kali, Mwita akaninyooshea dole gumba. Nikapandisha. Mabati ya vibanda yakatetemeka. Watu wakapagawa.

Nikageuka kuchukua maji… Kwenye upenyo wa turubai nikaona mtu kalala chini, mwingine kamkalia miguu, kanipa mgongo. Mpini wa sululu unapanda, unashuka.

Nikazima.

Mwita akanifuata mbio.

"Washa."

"Kuna mtu anauawa huku nyuma."

"Nimesema washa."

Hakujua maiki yangu iko wazi. Watu walisikia kila neno.

Akanyakua stendi ya maiki, akanipiga nayo. Nilisikia mfupa wa mkono ukilia kabla sijasikia maumivu. Akapiga tena, nikaangukia mashine.

Wachimbaji wakavamia jukwaa. Huko nyuma wakamkuta Jilala, kiongozi wa duara lao, uso umepasuka, meno yako kwenye vumbi. Waliompiga walishakimbia. Walitaka amwachie Mwita duara.

Mwita alipigwa mawe mbele ya macho yangu. Damu ikamtoka masikioni. Nililia wamwache… nani alinisikia? Polisi walimwokoa akiwa amebaki na jicho moja.

Hospitali, nimekaa benchi moja na Jilala, Luka akaingia analia.

"Pole mdogo wangu. Sikujua kabisa."

 Jilala akanishika nguo.

"Dada… huyu ndiye aliyenikalia miguu."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamtazama Luka usoni. 

Akaniinamia sikioni.

"Nyamaza, Vio. Ma-DJ wakali wamejaa. Mapromota wanatafuta ofisi isiyouliza. Ndivyo ulivyokula miaka yote."

Askari aliyetuleta alikuwa mlangoni. Nilimwita kwa sauti iliyobaki.

"Afande, mmoja wao huyu hapa."

Luka yuko ndani, kesi inaendelea. Mkono wangu wa kushoto haunyooki vizuri, ila napiga.

Wasanii wenzangu, anayekutafutia kazi anakuuza kwa maneno ambayo wewe huyasikii. Mtafute mwenye kazi, muongee wenyewe.

Nilidhani baada ya hapo hakuna atakayeniita tena. Wiki iliyopita mama mmoja, promota wa Geita, akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyezima muziki Mwakitolyo?"

Nikajua kazi imekwenda.

"Ndiyo, mama."



"Basi njoo. Kwangu wanakuja watoto wa watu. Nataka DJ anayeangalia."