Ofisi Iliyofunguliwa Sebuleni

Sogeeni, wenye biashara za ukoo. Na ninyi msio na biashara sogeeni pia, maana midomo mnayo na habari hii mtaifikisha mbali.

Juu kidogo ya soko la Nyakoe, kwa mzee Obwocha, asubuhi zilikuwa tulivu. Majirani walileta maziwa, Mzee akayanusa na kuyapokea, naye mkewe Nyakerario akawamiminia chai vikombeni na umbea masikioni. Madebe yalilazwa katika maji ya kijito yapoe. Siku za jua kali maziwa yaliganda, na familia ikanywa maziwa ya mgando mpaka watoto wakawa wanakimbia wakiona kikombe. Hakuna aliyelalamika. Ndivyo walivyozoea.

Kisha Phanice, mke wa mwana wao Ratemo, akarudi na masomo yake ya uongozi. Akaleta tangi la kupozea maziwa, linalotumia stima, na jenereta ya kulisaidia stima ikipotea. Tumpe haki yake: maziwa yaliacha kuganda, na shule moja ya bweni ikakubali kuyajaribu. Hilo tangi lilikuwa jambo jema. Balaa lilikuwa chati.

Phanice aliichora chati akaibandika ukutani. Juu kabisa alikuwa yeye, Meneja. Chini yake Mzee, Msimamizi wa Tangi. Kando yake Duncan, jirani mwenye familia yake aliyeajiriwa kupokea maziwa. Nyakerario akapewa cheo kirefu kuliko kanga yake: Mratibu wa Mawasiliano. Na sheria ikawa hii: kila mwenye jambo alilete ofisini mwenyewe, na mtu asitoe amri nje ya chati.

Na ofisi ilikuwa wapi? Sebuleni kwa Ratemo, kwa sababu kulikuwa na vigae na mtandao.

Msomaji wa Kigusii, najua umeshashika kichwa. Kwa ninyi wengine: kwetu baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si ugomvi. Ni chinsoni, ile heshima iliyopo kati yake na mke wa mwana. Phanice aliijua, alizaliwa Ogembo, huku huku kwetu, si Ulaya. Lakini alijiambia kwamba hapa sasa ni ofisi, si nyumba. Mzee naye akichungulia kwa mbali aliona viti ni vilevile na picha ya harusi ni ileile, na nyuma ya pazia kuna kitanda cha mwanawe. Ofisi gani hiyo?

Mzee akabaki ng'ambo ya ua. Nyakerario ndiye aliyegeuka barabara ya kupitishia maneno.

"Mwambie mke wa Ratemo jenereta yake inanguruma kama mtu wa kufa," Mzee alimtuma.

Nyakerario akavuka ua akinung'unika. Mwanamke wa umri wake, magoti haya, kutwa kupelekwa na kurudishwa kama debe tupu! Alipofika mlangoni, alikuwa ameshaionea huruma amani ya nyumba.

"Baba anasema jenereta ina nguvu sana," alimwambia Phanice.

"Mshukuru, Mama. Mwambie aandike ripoti."

Akarudi. "Anakusalimu sana."

"Salamu nitaitia kwenye jenereta?"

Hivyo ndivyo ilivyokwenda wiki nzima. Kila neno chungu lilitiwa sukari njiani, na sukari hiyo haikumpa jasho mtu mwingine ila yeye.

Ijumaa Nyakerario alikwenda soko la Daraja Mbili kuuza ndizi. Kesho yake alfajiri gari la shule lingekuja kuchukua maziwa kwa mara ya kwanza, na tangi lilikuwa limejaa maziwa ya majirani. Basi stima, kama kawaida yake, ikapotea. Jenereta ikanguruma, ikatoa moshi, ikazima.

Phanice hakujua. Nyumba yake ina sola, taa ziliwaka, na yeye alikuwa na vidude vya kusikilizia masikioni, akihudhuria mafunzo ya mtandaoni. Mafunzo ya nini? Ya mawasiliano kazini. Usinicheke mimi, mcheke yeye.

Mzee alimwita Duncan. "Nenda kamwambie jenereta imekufa."

"Mzee, nisamehe. Juzi nilifuata amri yako, nikaonywa. Kwenye chati wewe si mkubwa wangu. Nenda mwenyewe."

Mzee akaenda mpaka ukingo wa baraza. Akakohoa. Akangoja. Akakohoa tena kwa heshima zote. Mvua ikaanza, naye akasimama pale kama jogoo aliyefungiwa nje, akikohoa.

Nyakerario aliporudi na ndizi zilizobaki, alisikia harufu kabla hajafika langoni.

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nimpigie kelele mke wa mwanangu? Nimekohoa."

"Umekohoa! Tangi zima la maziwa ya watu, wewe unakohoa!"

Phanice alitoka mbio. "Mama, kila nilipotoa vidude masikioni nilimsikia! Nilidhani ni kifua. Nilitaka nikuambie umpe dawa."

"Na wiki nzima nimewaletea habari za jenereta!"

"Habari gani? Uliniambia Baba anasema ina nguvu!"

Mzee akageukia ng'ombe, asimtazame mtu. "Nilisema inanguruma kama mtu wa kufa!"

Phanice akageukia migomba. "Basi mimi sikuambiwa hivyo, Baba."

Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kuzungumzia tangi bila mtu katikati. Halafu wote, pamoja na Duncan, wakamtazama Mratibu wa Mawasiliano. Naye akatazama ndizi zake.

Maziwa yalimwagwa shambani, na nzi wakafanya sherehe. Gari la shule lilikuja likarudi tupu, na shule ikatafuta maziwa mlima wa pili. Majirani wengi walihamia kwa Osoro, mnunuzi mwingine wa maziwa. Drusilla, aliyekuwa wa kwanza kufika kila asubuhi, alipita langoni na debe kichwani akisema kwa sauti, "Ng'ombe wangu hana cheo, lakini nikimwita anasikia!"

Phanice alilia, kisha akafanya la maana. Alibeba meza yake mwenyewe akaipeleka kwenye banda la zamani la ndama, karibu na tangi, pasipo na kitanda cha mtu nyuma ya pazia. Chati aliiacha ukutani kwa Ratemo. Nyakerario alijiuzulu cheo chake siku hiyohiyo, na hakuna aliyembembeleza abaki.

Asubuhi ya kwanza Mzee aliingia bandani akaketi kwenye benchi la mlangoni, akakohoa. Phanice akaruka, Duncan akakimbilia jenereta mpya.

"Ketini," Mzee akasema. "Hiki ni kifua tu."

FUNZO

Mabadiliko si adui, jamani. Lile tangi lilikuwa zuri, na kijito kilikuwa kinatugandishia maziwa. Lakini wewe unayepanga kazi, kabla ya kubandika vyeo, uliza kila mtu mguu wake unaweza kufika wapi na mdomo wake unaweza kusema na nani. Nawe uliyepangiwa vibaya, sema mapema. Kukohoa si ripoti. Nawe Duncan, popote ulipo, na mko wengi: sheria isikuzuie kuokoa kilicho mbele ya macho yako. Na sisi akina mama tunaopeleka maneno, tuyafikishe yakiwa machungu vilevile. Sukari tuiweke kwenye chai.