Maharage ya Kumpa Mgeni

Jambo dogo lilimshtua Dokta Tulizo Mgaya asubuhi ile: mashine haikutupa punje hata moja.

Mashine hiyo, Mpimambegu, ilikuwa na vidole kumi na viwili vya kioo. Iliokota punje ya haragwe, ikaimulika hadi ndani, ikatambua itazaa kiasi gani, na mbovu ikaitupa. Ndiyo iliyowaamulia wakulima wote wa wilaya wapande nini. Tulizo aliiunda kwa utafiti wake wa shahada ya uzamivu. Saa nne baraza la chuo lingempa uprofesa, na mashine ingepelekwa mikoa tisa.

Alimgeukia Mama Sanga, mkulima aliyeleta maharage hayo kwa ajili ya maonyesho.

"Mama, haya umeyachagua?"

"Tangu jana! Nikuletee yaliyotobolewa na wadudu, watu wanicheke?"

"Na mwaka ule nilipopita kwenu kukusanya mbegu za kuifundishia mashine?"

Mama Sanga akacheka. "Ulikuwa mwembamba kama fito, mwanangu, viatu vimejaa tope. Kijiji kizima tulikuchagulia mekundu mazuri. Yetu ya mchanganyiko, yenye sura mbaya ila wadudu hawayamalizi, tukayaficha ndani."

Kisha kicheko kikakatika. "Sasa mashine imetukataza mchanganyiko. Mekundu yanaliwa na wadudu yote. Wajukuu zangu wanakula mara moja kwa siku."

Tulizo alimfuata Profesa Kihaule, msimamizi wake, akamweleza yote: mashine ilifunzwa kwa maharage ya kumpa mgeni tu. Mzee alifunga mlango.

"Binti, umekula ng'ombe mzima, usishindwe na mkia. Ukisema, shahada yako inafutwa. Hata nyumba unayolala ni ya chuo. Pokea cheo kwanza, tutarekebisha polepole."

"Msimu wa kupanda unaanza wiki ijayo, Profesa."

"Nimesema polepole."

"Ndiyo, Profesa." Miaka kumi na mmoja alikuwa akijibu hivyo.

Barazani walimpigia makofi. Viti vilikuwa vimebanana, na Kihaule alikaa pembeni yake, magoti yao yakigusana. Mwenyekiti aliuliza kama ana neno. Kwa desturi mtu hushukuru tu, akaketi.

Tulizo alisimama.

"Msiipeleke popote. Inawafundisha watu kupanda njaa. Kosa ni langu." Kihaule alimvuta mkono, lakini hakuketi. "Nilianza kushuku tangu mavuno ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kurudi kuwa mtu wa kawaida."